Firigisi ya Marehemu Luseno

Msomaji, tulipoachana wiki jana Lusweti alikuwa ameshika kifuniko cha sahani yake, na Wacera, aliyemletea sahani ile kwa mikono yake miwili, alikuwa bado ameinama mbele yake. Kama ulikosa gazeti usihangaike kumsumbua jirani. Nitakukumbusha kwa maneno machache, kwa sababu leo hatuna nafasi ya kupoteza.

Wacera ni mjane. Mumewe Luseno alizikwa kwao magharibi mwezi wa Novemba, na tangu matanga yaishe, Lusweti, mdogo wa marehemu, anataka kumrithi jinsi desturi inavyomruhusu. Wacera amekataa. Ukoo ukasema sawa, asiyetaka kurithiwa arudi kwao Murang'a, lakini binti yake Khavere, mwenye miaka minane, ni damu ya ukoo na hatoki. Ndipo alipoitwa Mzee Wabwire, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Waluhya wa Baba Dogo, aje kupatanisha.

Na alikuwa amepatanisha. Tangu watu watoke kanisani mpaka saa nane mchana, mvua ya El Niño ikipiga mabati, mzee huyo alikuwa ameketi katika chumba cha Wacera akipunguza hapa na kuongeza pale. Wacera asirithiwe. Khavere abaki na mama yake, na kila Disemba aende kwa nyanya yake. Hata Lusweti aliinamisha kichwa akakubali. Kilichobaki ni kula pamoja, maana kwa wazee hawa mapatano ambayo hayajaliwa ni maneno ya upepo.

Lusweti akafunua sahani.

Juu ya paja la kuku, imepasuliwa na kusafishwa vizuri, ilikuwa firigisi.

Wewe unayesoma haya ukiwa Mluhya umeshashika kinywa. Wewe mwingine nikuambie: katika nyumba zao kuku ana sheria zake. Mgeni hupewa paja, watoto hugombania shingo na miguu, lakini firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata aje askofu, firigisi haiendi kwake. Na mjane akimbebea ndugu wa marehemu firigisi mbele ya wazee, hahitaji kufungua mdomo tena. Amekwisha kujibu.

"Mama Khavere," Mzee Wabwire akasema polepole, "hii ni wewe umempa?"

"Sikujua iko humo, Mzee. Sahani ilikuwa imefunikwa."

"Lakini ni wewe umeileta."

"Nimeileta. Lakini sikuiweka."

Miaka tisa aliyokaa na Luseno, Wacera alikuwa akimwekea firigisi kila kuku alipochinjwa, kwa hiyo msidhani hakuielewa maana yake. Aliielewa kuliko wote. Akanyoosha mkono airudishe ile sahani.

Lusweti alikuwa mwepesi zaidi. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akatafuna akimtazama shemeji yake usoni.

"Imeliwa," akasema.

Wacera akageuka akatoka nje kwenye koridoo, ambako mwenzake alikuwa amechuchumaa kando ya stovu akipakua sahani zilizobaki. Mwenzake huyo ni Muhonja, mama wa kanisani, jirani wa mlango wa tatu. Katika kesi hii alikuwa amekalia upande wa Wacera ili mwanamke asisemewe na wanaume watupu. Wacera ndiye aliyemchagua mwenyewe.

"Ni wewe umeweka ile firigisi."

Muhonja hakuinua macho. "Ni mimi."

"Kwa nini, Dada? Tulikuwa tumemaliza. Walikuwa wamekubali."

"Wamekubali mpaka lini?" Muhonja akaweka mwiko kwenye sufuria. "Mpaka Disemba mtoto akifika kule wamzuie? Utaenda kumtoa na nani? Sikiza. Bwana yangu alikufa mwaka wa themanini na nne, nikarithiwa na kaka yake. Sikumpenda hata siku moja. Lakini watoto wangu wamesoma, na nikifa nina mahali pa kuzikwa. Wewe hapa Baba Dogo peke yako, landilodi atakuanza mwezi wa pili. Nilikuwa nakusaidia, na bado nakusaidia."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba wakati mwingine kinakula kwa mapenzi. Wacera aliona kabisa kwamba mama huyu anampenda. Angemwona ni adui asingeumia hivyo, na angejua pa kupiga.

"Dada Muhonja. Luseno hakufa na TB."

"Daktari alisema TB."

"Daktari alisema TB kwa sababu nilimwomba aseme hivyo."

Muhonja akainua macho sasa.

"Ni ukimwi," Wacera akasema. "Na mimi nimepimwa. Ninao."

Mvua ikaendelea na kazi yake juu ya mabati. Muhonja alikuwa amerudi kuushika ule mwiko, ambao asubuhi wote wawili walikuwa wameuonjea mchuzi kwa zamu. Aliutazama kwa muda, akauweka chini kwenye saruji, akafuta mkono kwa leso mara mbili.

"Mungu wangu," akasema. "Ningejua."

"Sasa umejua."

"Usiseme huko ndani. Ukisema, mtoto anaondoka leo leo na mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Niachie mimi. Nitawaambia nilikosea kupakua."

Wakaingia pamoja. Mzee Wabwire alikuwa ananawa mikono kwenye beseni tayari kumega ugali, na kando yake aliketi Njogu, kaka wa Wacera, seremala wa Kariobangi aliyekuja kusimama kwa niaba ya kwao. Tangu asubuhi Njogu alikuwa hajasema maneno kumi.

"Wazee, kosa ni langu," Muhonja akaanza. "Mimi ndiye nimepakua. Sahani zilichanganyika. Huyu mama hana habari."

"Kupakua umepakua," Mzee Wabwire akajibu kwa upole. "Sasa nani amebeba?"

"Nilimpa abebe."

"Muhonja, wewe si mtoto. Mkono uliobeba ndio umesema. Na huyu ameshakula. Unataka nimwambie atapike?"

Msimchukie mzee huyu bure. Alikuwa amepatanisha mume na mke waliokuwa wanawindana kwa panga, na makanisa mawili yaliyogombania kiwanja kimoja, na watu wa Baba Dogo walimheshimu kwa sababu hakula hongo ya mtu. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kesi iishe. Kesi iliyoisha ilimpendeza kuliko kesi iliyoisha vizuri, na firigisi ile ilikuwa imemfungulia mlango mfupi.

"Imekuwa rahisi kuliko tulivyofikiria," akasema. "Mjane amepata mtu, mtoto amepata baba, na ukoo haujavunjika. Leo Lusweti harudi Mukuru kwa Njenga. Aliyekula hivyo analala hapo alipokula."

Wacera akamtazama Lusweti. Alikuwa mwanamume mwembamba wa kiwandani, mwenye kutembea kwa miguu kutoka Mukuru mpaka Industrial Area kila alfajiri, na uso wake haukuonyesha furaha wala aibu. Alikuwa anasubiri tu.

"Kaka," Wacera akaketi kwenye benchi karibu na Njogu, akamgeukia. "Sema kitu."

Njogu akakuna kidevu. "Niseme nini, Wacera? Nilikuambia mwaka ule kabla hujaolewa. Ukaniambia wewe si mtoto."

"Nichukue basi. Mimi na Khavere."

"Niwalaze wapi? Nina chumba kimoja, watoto watano, na mke wangu unamjua." Akashusha sauti. "Shemeji ana kazi. Hanywi. Kubali tu."

Hapo ndipo Wacera alipojua kwamba upande wake ulikuwa na mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Akajikaza.

"Basi nitaenda korti. Makadara iko hapo tu."

Mzee Wabwire hakukasirika. Alikuwa amesikia neno hilo kutoka kwa wengi. "Nenda. Hakimu atakuuliza swali moja: kwa nini hutaki? Lusweti amekupiga? Hapana. Ni mlevi? Hapana. Atakuuliza mbele ya watu wote, na utamjibu. Kwa hivyo tujibu sisi kwanza. Ni kwa nini?"

Muhonja, aliyesimama karibu na pazia, akatikisa kichwa kidogo kumwonya. Wacera alimwona. Akaona pia kitanda nyuma ya pazia lile, ambacho Luseno alikuwa amekonda juu yake mpaka ukaweza kumbeba kama mtoto, na akamfikiria Lusweti amelala hapo usiku huo huo, akinawa asubuhi, akienda kazini, akianza kukohoa baada ya mwaka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kingewaumbua wawili, na mmoja wao hakuwa na kosa ila kufuata desturi.

"Ni kwa sababu nitamuua," akasema.

"Utamuua na nini?"

"Luseno alikufa na ukimwi. Mimi ninao. Akinirithi mtamzika kama mlivyomzika ndugu yake."

Hakuna aliyepiga kelele. Njogu, aliyekuwa ameketi benchi moja na Wacera, alisogea mpaka mwisho wa benchi, taratibu, kama mtu anayempisha mwingine akae. Mzee Wabwire aliusukuma ugali mbali kidogo na kifua chake. Muhonja alifunika uso kwa leso. Miaka ile, msomaji, neno lile likitajwa ndani ya nyumba watu walianza kutazama vikombe walivyonywea.

Lusweti peke yake hakusogea. Alichukua kipande cha ugali, akakichovya kwenye mchuzi ambao Wacera alikuwa ameupika, akala.

Wacera alimwona. Mzee Wabwire naye akamwona.

"Lusweti," mzee akasema, "umesikia huyu mama amesema nini?"

"Nimesikia."

"Na unakula?"

"Nilikuwa najua, Mzee. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka Luseno hospitali akizidiwa."

"Ulijua, na ulitaka kumrithi?"

Lusweti akameza. "Mke wangu tulimzika Machi mwaka jana. Wewe ulihubiri. Alikufa na nini?"

"Malaria."

"Miezi saba ya malaria," Lusweti akasema. "Wote mlimwona. Hakuna mtu aliuliza, na mimi sikusema. Sasa hata mimi nikipanda ngazi za kiwandani nasimama katikati." Akamgeukia Wacera. "Shemeji, sikutaka mambo ya kitanda. Nilitaka mtu ambaye siku nikishindwa kuamka hatanikimbia. Nikafikiria, huyu alimwosha Luseno mpaka mwisho. Huyu hataogopa."

Miezi yote hiyo Wacera alikuwa amemchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na sasa akakosa cha kumfanyia. Alimwonea huruma. Papo hapo akamkasirikia zaidi, kwa sababu mtu aliyejua angeweza kuja peke yake, akabisha hodi, akasema maneno hayo hayo bila kuita wazee na bila kumtaja Khavere. Angempikia uji. Angemfulia shuka. Hakuhitaji firigisi.

"Ungeniambia," akasema.

"Wewe uliniambia?"



Mzee Wabwire akaomba maji, akanawa tena, na safari hii akaomba sabuni. Alipomaliza kujifuta alikuwa amerudi kuwa mwenyekiti.

"Mambo ya kurithi yameisha," akasema. "Yafutwe. Hakuna mtu ataozeshwa kaburi."

Wacera akavuta pumzi mpaka chini ya mbavu. Nawaambia ukweli, kwa dakika nzima mwanamke yule aliona mlango umefunguka. Siri ilikuwa nje, na nyumba ilikuwa bado imesimama. Hakuna mwanamume angemtaka tena, na hilo lilikuwa ndilo ombi lake. Atabaki na Khavere, miaka miwili, labda mitatu, amfundishe kupika na kushona, amfikishe darasa la nne au la tano.

"Sasa tuzungumze mtoto," Mzee Wabwire akasema.

Mlango ukafungwa.

"Tulishazungumza mtoto, Mzee. Asubuhi."

"Asubuhi tulikuwa tunazungumza mama mzima. Wewe, Mama Khavere, nisamehe, unaondoka. Lusweti anaondoka. Ukoo unabaki na nini? Unabaki na Khavere. Tumchukue sasa akiwa na nguvu, aende kwa nyanya yake, asikae hapa akiona yale yatakayokuja."

"Ni mtoto wangu. Sina mwingine."

"Na nyanya yake alikuwa na vijana wawili. Mmoja amekufa na huyu ndiye huyu." Akamwonyesha Lusweti kwa kidevu. "Yeye pia hana mwingine."

Yalikuwa maneno ya kweli, na hiyo ndiyo taabu ya mpatanishi mzuri, kwamba huwezi kumwambia anasema uongo. Wacera alimtazama Muhonja amsaidie. Muhonja akatoa leso usoni.

"Mzee," Muhonja akasema, "na kama mtoto mwenyewe anao? Alizaliwa na hawa hawa. Mtampeleka kwa nyanya yake mzee auguzwe na nani?"

Alisema vile kumwokoa Wacera. Mkumbuke hivyo mtakapomhukumu. Lakini Mzee Wabwire alilishika neno lile kama fundi aliyepewa chombo alichokuwa anakitafuta, akaligeuza huku na huku, na uso wake ukatulia.

"Umesema vizuri," akajibu. "Hapo ndipo pa kukutana. Kesho asubuhi wewe Muhonja mchukue mtoto umpeleke kliniki apimwe damu. Akiwa mzima, ni wetu, aende kwa nyanya yake. Akiwa na ugonjwa, ni wa mama yake. Abaki naye hapa mpaka Mungu aamue, na hakuna mtu wa ukoo atamdai tena. Lusweti, unakubali?"

"Nakubali," Lusweti akasema bila kumtazama mtu.

"Njogu?"

"Ni haki," akasema Njogu kutoka mwisho wa benchi.

"Mama Khavere?"

Wacera alisikia vizuri, lakini ilichukua muda maneno yale kufika mahali pa kuumia. Akayafuata moja moja. Ili abaki na mtoto wake, mtoto awe mgonjwa. Ili mtoto awe mzima, asimwone tena.

"Mzee, hayo si mapatano."

"Ni mapatano. Hakuna aliyependelewa."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa hakuna kesi, na bila kesi mtoto ni wa ukoo kama zamani. Kuna basi la kwenda magharibi jioni hii, na Lusweti yuko hapa." Alisema bila ubaya, akimwonyesha tu mipaka ya shamba. "Nikikupa mpaka kesho nimekupa kitu, mama. Sema ndiyo."

Wacera akasema ndiyo. Sauti ilikuwa ndogo na mzee akamwomba arudie, kwa sababu neno la mapatano lazima lisikiwe na wote. Akarudia.

Mlango ukasukumwa, na Khavere akaingia kutoka kwa jirani alikokuwa amewekwa asubuhi nzima, nguo imelowa, miguu imejaa matope. Alipomwona Mzee Wabwire akacheka. Siku zote mzee huyo alikuwa akimpakata kila akija, na msichana akamwendea moja kwa moja akimwita babu kwa Kiluhya, "Guga, umekuja."

Mzee Wabwire alivuta magoti yake pembeni. Hakufanya kwa ukali. Alimshika mtoto kichwani kwa ncha za vidole, akauondoa mkono, akautazama.

Khavere akasimama hapo hajui afanye nini. Akamtazama Njogu, Njogu akatazama sakafu. Akamtazama Muhonja, na Muhonja akaanza kulia waziwazi. Mwishowe akaona sahani mezani, nyama ya kuku tele, ugali mzima, na hakuna mtu anayekula isipokuwa amu yake Lusweti.

"Mama, kwani mko na nini?" akauliza. "Naweza kukula?"

"Kula," Wacera akasema.

Akamsogezea sahani iliyokuwa imewekwa mbele ya mzee. Aliuangalia mkono wa bintiye ukimega, ule mviringo wa mkono, akatafuta kama umepungua. Akaangalia shingo. Akaangalia midomo, kama ina vidonda vile. Alikuwa akimkagua mwanawe kama mnunuzi, na hakujua anatafuta kuona nini, na mtu angemwuliza usiku ule aombe lipi angemfukuza nyumbani.

Khavere akameza tonge la kwanza. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kizito kinachotoka chini kabisa ya kifua, mpaka akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na machozi yakamtoka.

Na Wacera, aliyemzaa, alipokisikia kikohozi kile alifurahi.